Mkono Uliolowa

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kwanza

Naandika kwa sababu nina siri na sina wa kumwambia. Sikio langu la kulia halisikii tena. Limekufa kabisa. Basi, nimeshaandika. Nimepata nafuu kidogo na aibu nyingi.

Shule sikuwahi kuingia hata kwa kufagia. Herufi alinifundisha marehemu mume wangu, akizichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti za magari ya watu, magari yenyewe yakisubiri gesi. Kwa hiyo mwandiko wangu umelala upande. Boneti zina mteremko.

Gereji yetu inatengeneza viyoyozi vya magari na hakuna kingine. Ukija na breki mbovu tunakuonyesha barabara, uende nayo polepole. Aliianzisha marehemu, sasa ni ya mwanangu wa mwisho. Yeye ndiye fundi. Mkwe wangu, yaani mke wake, anapokea wateja na kutafuta vipuri. Mimi nina kazi mbili, povu na sikio. Povu la sabuni nalipaka kwenye viungo vya bomba kwa brashi aliyokuwa akinyolea ndevu marehemu. Penye tundu, povu linavimba. Hiyo kazi macho yangu bado yanaiweza.

Kazi kubwa ni ya sikio. Bomba lililotoboka linalehemiwa kwa moto, na moto hauwashwi mpaka gesi yote iwe imetoka. Sharti la marehemu lilikuwa hivi: weka sikio kwenye mdomo wa bomba, usikilize. Kisha lowesha mgongo wa mkono, uuweke hapohapo. Kama kuna gesi imebaki, sikio litasikia mlio kama wa nyoka mdogo, na mkono uliolowa utahisi ubaridi. Ukiridhika unasema "Kavu." Bila neno hilo, hakuna moto. Kwa nini? Hakunieleza. Alisema ni hatari, nami nikajua bomba litapasuka, litamrukia mtu usoni.

Mkono niliuacha miaka mingi iliyopita. Mkono ni wa wanaojifunza. Sikio langu lilijulikana mpaka gereji za watu, walikuwa wananiita nikawasikilizie. Sasa limebaki la kushoto peke yake. Linatosha.

Alhamisi, tarehe 9

Joto. Magari saba. Bati la paa limewaka mpaka kunguru ametua akaruka tena.

Jumapili, tarehe 12

Leo tumepumzika. Mwanangu amekula sahani mbili, akajilaza sakafuni kwenye simenti na tumbo wazi. Nikamwambia, "Funika hilo tumbo, wageni wakija watadhani tumeuza godoro." Akasema, "Mama, hili tumbo ni kazi ya mikono yako, usilitukane." Ana miaka arobaini na moja, na bado akicheka anafumba macho kama alipokuwa ananyonya.

Mkwe alikuwa anapaka kucha rangi. Kucha ndefu hivi, katika nyumba ya mafundi. Sijui anashikaje ufagio. Simchukii, lakini Mungu anajua simwelewi. Akiongea na wateja anacheka mno, na akiongea na mimi anaongea polepole kama anayemwelekeza mgeni njia.

Jumanne, tarehe 14

Pampu ya kunyonya gesi imeungua. Ilianza kunuka, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mwanangu ameifungua, akaitazama kama mtu anayetazama maiti ya jirani, akasema koili zote zimekwisha. Kifaa chake hakipatikani mpaka kiagizwe, na kitachukua wiki nyingi.

Pampu hunyonya gesi mpaka ile iliyojificha kwenye mafuta ndani ya bomba. Bila pampu tunafungua valvu tu na kungoja gesi itoke yenyewe, inatoka, inatoka, mwisho inabaki kidogo sana. Hiyo kidogo ndiyo inayotaka sikio.

Mwanangu amenipiga begani: "Sasa tunakutegemea wewe, Mama. Wewe ndiye pampu." Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Ijumaa, tarehe 17

Magari tisa. Kavu, kavu, kavu. Nimesema neno hilo mpaka ulimi umekauka wenyewe.

Jumatatu, tarehe 20

Asubuhi niliweka birika jikoni, nikakaa kitini nachambua mchele. Mkwe akaja mbio kutoka uani, akazima jiko. Birika lilikuwa linapiga filimbi, maji yamekwisha, kitako kimekuwa cheusi.

"Mama, hukusikia? Mtaa mzima unasikia."

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini hivyo?"

"Nawaza kucha zako zitaingia lini kwenye chakula."

Akaondoka. Nimemuumiza makusudi ili asiendelee kuuliza. Birika lilikuwa upande wangu wa kushoto.

Nikisema ukweli najua kitakachofuata. Mwanangu wa kwanza atakuja na gari lake, anichukue nikakae sebuleni kwake kama kabati la vyombo visivyotumika. Hapa nina kopo langu la povu, nina kigoda changu, watu wananiita "Bibi Kavu". Huko nitakuwa nani?

Gereji haina kelele kubwa, nikikaza nasikia. Nafikiri nasikia.

Ijumaa, tarehe 24

Leo nimeona kitu kizuri. Mwanangu alikuwa analehemu bomba la shaba la gari la zamani, nimeshamwambia kavu. Moto ukatoka bluu kama siku zote, halafu ulipogusa bomba ukageuka kijani. Kijani kibichi, kama jani changa la mgomba jua likipita nyuma yake. Yeye hakuona, alikuwa na miwani myeusi. Nikakaa nautazama mpaka ukarudi bluu. Katika kazi hii yenye grisi huoni kizuri mara nyingi, kwa hiyo naandika.

Jioni amekohoa. Vumbi.

Jumatatu, tarehe 27

Anakohoa.

Alhamisi, tarehe 30

Anakohoa. Magari kumi na moja. Mkwe anasema ni moshi wa kulehemu. Mimi nasema ni hilo feni ambalo anamlaza mume wake chini yake usiku kucha. Tumenuniana mpaka chakula cha jioni.

Moto wa kijani umetokea tena mara mbili.

Jumatano, tarehe 5 mwezi wa pili

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Asubuhi alikuja kaka yake mkwe, dereva wa basi la shule. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa, na madirisha ya basi lile hayafunguki. Jana mtoto mmoja alizimia ndani. Mkwe akamwambia mume wake, "Baba, malizia hili leo, tafadhali. Ni watoto." Yeye akasema atamaliza kabla ya saa nane, ili dereva akawachukue.

Basi lile bomba lake ni refu, la shaba, linapita sakafuni chini ya viti vyote hadi nyuma. Nilipaka povu nikapata tundu chini ya kiti cha mwisho kabisa. Mwanangu akafungua valvu, gesi ikatoka. Tukangoja. Akaniita, nikaingia, nikapiga magoti, nikaweka sikio la kushoto kwenye mdomo wa bomba.

Sikusikia kitu.

Sasa naandika lililo kweli. Sikusikia kitu, lakini sikusikia pia dereva aliyekuwa anaongea na simu mlangoni. Nilimwona mdomo unakwenda. Nilijua. Kopo la maji lilikuwa hapo karibu na goti langu. Ningechovya mkono tu. Nikafikiria watu wanasimama, bibi mzima ananawa mkono kama mwanafunzi. Nikasema, "Kavu."

Mwanangu akafunga mlango wa basi, kwa sababu upepo ulikuwa unazima moto. Akalala kifudifudi katikati ya viti. Mimi nikakaa nje kwenye kigoda changu. Dirishani niliona kijani. Kijani kikubwa kuliko siku zote, basi zima likang'aa ndani, nikasema moyoni, tazama kilivyo kizuri leo.

Alitoka akitambaa. Alitapika kwenye tairi. Macho yamekuwa mekundu, machozi yanatiririka, anashika koo. Akasema, "Kifua kinaungua." Mkwe akammwagia maji usoni, akamvua shati, akamkalisha uani. Baada ya nusu saa akasema ni nafuu. Akanywa chai. Akanitania hata, "Mama, leo umenipikia pilipili gani kwenye bomba?" Akajaza gesi, dereva akaondoka na basi lake, linapoa vizuri.

Saa kumi na moja akaanza kuhema kama aliyekimbia. Midomo ikawa na rangi ya majivu. Mkwe hakungoja mtu. Akampakia kwenye gari la mteja lililokuwa halijakwisha, boneti wazi, akaliendesha mwenyewe hivyohivyo, anachungulia pembeni, mpaka hospitali. Sikujua kama anaweza kuendesha hivyo. Kumbe kuna mambo mengi juu yake sikuyajua.

Wamemwekea barakoa na mtungi wa hewa. Mtungi una geji juu yake kama zetu. Nilikuwa naitazama ile geji kwa mazoea, naangalia kama inavuja.

Alhamisi, tarehe 6

Daktari ameuliza alivuta nini. Mkwe akasema, "Alikuwa analehemu bomba." Daktari akauliza, "Lilikuwa na gesi?" Mkwe akanigeukia. Nikasema, "Lilikuwa kavu. Halikupasuka."

Daktari akaandika.

Ijumaa, tarehe 7

Yuko hai. Haongei.

Jumapili, tarehe 9

Alikuja kumwona mgonjwa fundi wa mafriji, rafiki wa marehemu, mzee tunayemwita Mzee Friji. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Anaongea kwa sauti kubwa, ndiye peke yake anayeongea na mimi hivyo, nikadhani ni uzee wake. Katika kupoteza muda nikamweleza ule moto wa kijani, jinsi ulivyokuwa mzuri.

Akaacha kutafuna.

"Shemeji, kijani wapi?"

"Kwenye bomba, akilehemu. Mara nne hivi tangu mwezi uliopita."

"Na hukumwambia azime?"

"Kwa nini azime?"

Akavua kofia, akaiweka gotini. "Shemeji. Moto ukiwa wa kijani kwenye shaba, ndiyo gesi yenyewe inaungua. Sisi zamani tulikuwa tunaitumia rangi hiyo kutafutia pale panapovuja, nje, kwenye upepo. Gesi hizi za siku hizi za kuchanganya ndiyo kabisa. Moshi wake unakula mapafu. Marehemu hakukwambia?"

"Aliniambia ni hatari. Nikajua litapasuka."

"Bomba likiwa wazi litapasukaje?"

Nilikaa hapo. Watu walikuwa wanapita na ndoo na mashuka. Miaka thelathini na minane nimesema kavu, na sikuwa najua ninachokilinda ni nini.

Jumatatu, tarehe 10

Mkwe amekata kucha. Zote, mpaka kwenye nyama. Anamsugua mgongo mume wake kila baada ya saa moja ili makohozi yatoke, na hataki kumkwaruza.

Jumatano, tarehe 12

Nilitaka kusema leo. Nikafungua mdomo. Mkwe akaanza yeye. Alikaa sakafuni karibu na miguu yangu, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyemuua. Mimi ndiye niliyesema malizia leo. Alitaka kungoja mpaka jioni, bomba likae wazi, mimi nikasema watoto, watoto."

Ningemwambia hapohapo. Nikamshika kichwa, nikamwambia, "Nyamaza, mama, hajafa." Hilo tu ndilo nililosema.

Ijumaa, tarehe 14

Mkwe hapokei tena simu za kaka yake.

Jumanne, tarehe 18

Amerudi nyumbani na mtungi. Kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Daktari amemweleza mkwe kwamba mapafu yamepata makovu, na kovu halirudi kuwa nyama. Kazi ya moto basi tena. Mkwe akauliza, atakuwa hivi mpaka lini? Daktari akasema tumshukuru Mungu kwa kila siku. Mtu aliyesoma akianza kukuelekeza kwa Mungu, ujue amefika mwisho wa vitabu vyake.

Joto halijapungua. Wateja wanakuja getini wanapiga honi. Nawaona tu wakikaa na kuondoka.

Alhamisi, tarehe 20

Nimesema.

Mkwe alikuwa anamlisha uji, akaanza tena mambo yake ya malizia leo, malizia leo, machozi yanadondokea kwenye bakuli. Siku kumi na moja nimejua na nimemwangalia akijila hivyo. Nikasimama katikati ya chumba ili wanione wote wawili.

"Si wewe. Ni mimi. Sisikii. La kulia limekufa zamani, la kushoto linakufa. Siku ile sikusikia chochote, nikasema kavu. Maji yalikuwa hapo sikuyagusa. Na ule moto wa kijani niliuona, mara zote niliuona, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa mzuri. Mzee Friji alinieleza, siku kumi na moja zilizopita, kwamba moshi wake ndio uliokula mapafu."

Mwanangu akaondoa barakoa. Anaongea maneno matatu, anapumzika, maneno matatu. Ilibidi nisogee, niweke macho kwenye midomo yake.

"Nilijua, Mama."

"Ulijua nini?"

"Masikio. Tangu msimu uliopita. Nilikuwa chini ya gari, jeki inateleza, nikakuita. Mara tatu. Ukaendelea kujipepea." Akapumzika. "Kwa hiyo nilikuwa naangalia mwenyewe. Ukishasema kavu, ukigeuka, nalowesha mkono, naweka. Kila gari."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekaa wapi?"

Akarudisha barakoa, akavuta, akaiondoa tena.

"Pampu ilipoungua magari yakawa mengi. Mengine nikawa siyaangalii. Nachoka. Siku ile pia. Ulikuwa umesema kavu, Mama, na mimi nilikuwa nimechoka, nikataka kuamini." Halafu akafumba macho kama anavyofumba akicheka, lakini hakucheka. "Sote wawili hatukulowesha mkono."

Mkwe alisimama na bakuli lake. Mlangoni akanigeukia. Safari hii nilisikia, au nilisoma, sijui. "Siku kumi na moja, Mama. Nimemfukuza ndugu yangu wa tumbo moja. Wewe unanishika kichwa unaniambia nyamaza."

Sikuomba msamaha. Lile jambo ni kubwa, na neno samahani tunalitumia pia tukimkanyaga mtu mguu.

Jumamosi, tarehe 22

Mkwe hasemi na mimi. Chakula ananiwekea. Chumvi anaitia sawasawa. Nimelia kwa sababu ya chumvi.

Jumamosi, tarehe 1 mwezi wa tatu

Mwanangu wa kwanza amepiga simu, anataka kuja kunichukua. Mkwe ndiye aliyepokea. Nilimwona anasikiliza muda mrefu, ananitazama, kisha akasema jambo fupi, akakata. Jioni mwanangu akanieleza kwa maandishi kwenye kipande cha karatasi: AMESEMA UNA KAZI HAPA.

Kazi gani, sijui.

Jumamosi, tarehe 8

Wamekuja watu kununua mtungi mkubwa, geji na mipira ya gesi. Mwanangu alitazama kutoka dirishani. Walipobeba kigoda changu kwa makosa, akagonga kioo mpaka wakakirudisha. Baada ya kugonga huko alipumzika alasiri nzima.

Brashi ya marehemu nimeificha.

Jumatano, tarehe 12

Ameshindwa kufika mlangoni.

Jumatatu, tarehe 17

Mvua imeanza. Nimeijua kwa kuiona. Bati letu lilikuwa na kelele za mvua mpaka tunapigiana mayowe mezani, na leo maji yanateremka kimyakimya mbele ya dirisha kama kwenye picha. Hata la kushoto sasa limekwenda.

Magari yanapita na vioo wazi. Hakuna anayehitaji ubaridi tena.

Jumamosi, tarehe 22

Mkwe ameanza kazi ya kufua mashuka hospitalini, zamu ya mchana. Leo ni siku yake ya kwanza. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, mwanangu amelala, mtungi upande wake. Usingizi wake sasa ni wa kukatikakatika. Daktari amesema mtu awe naye wakati wote, asikilize pumzi, ikisita amwinue haraka, amgeuze, amsugue mgongo.

Mkwe aliingia amevaa kitambaa kichwani, tayari kutoka. Akajiinamisha kwangu, midomo ikasema, nikaisoma: "Msikilize." Kisha akakumbuka. Nikaona alivyokumbuka. Tukatazamana, mwezi mzima hatujatazamana hivyo.

Akatoka. Nikajua amemwita mwenzake aje akae badala yangu, na sikumlaumu. Nani atamwachia kiziwi kazi kama hiyo, tena kiziwi huyu?

Akarudi peke yake. Ameshika bakuli la maji kwa mikono miwili. Akaliweka kwenye kigoda changu, akakisogeza mpaka kikagusa goti langu. Akanishika kiganja cha kulia, akakigeuza, akachovya mgongo wake kwenye maji, akaupeleka mbele ya pua ya mume wake, akaushikilia hapo kwa vidole vyake vilivyokatwa kucha, mpaka nikatikisa kichwa kwamba nimehisi. Ndipo akaenda kazini.

Sasa ni alasiri. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala upande wa pili. Wa kulia uko mahali pake. Ubaridi unakuja mdogo, unakatika, unakuja. Ukikawia nahesabu. Mara moja nimefika saba, nikasimama, bakuli likayumba, halafu ukaja.

Mkono unakauka upesi. Nalowesha tena.